Ulitupatanisha Kabla Hatujagombana

Mwanangu Paska,

Umekwenda kwa Mzee Tarmo kuaga, na nyumba ile hakuna anayeruhusiwa kutoka bila kula makande na kuombewa, kwa hiyo muda ninao. Jua halijazama bado. Nimekaa mezani, mama yako yuko chumbani anapiga nguo pasi na kuzipanga kwenye begi. Sasa hivi nimeinuka nikachungulia mlangoni. Ni nguo zako, si zake. Nikarudi nikakaa, nikashusha pumzi, nikachukua kalamu.

Utacheka, najua. Lakini wewe ndiye unayejua kuliko mtu yeyote kwa nini baba yako siku hizi akiona begi limefunguliwa kitandani anakwenda kuhakikisha. Mwezi wa sita mama yako alifungasha nguo zake ili aniache, na mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, namfokea kwa sauti kubwa, nikidhani tunaigiza filamu yako.

Kesho alfajiri unapanda basi la Arusha, kisha Nairobi, miaka miwili ya kusomea kazi ya kuongoza filamu. Mambo ya pasipoti, ya kutunza simu, ya kula vizuri na kwenda kanisani, mama yako ameshakuambia, na kesho pale barabarani atakuambia tena. Mimi nayaruka. Nataka kuandika yale ambayo tukiwa ana kwa ana yananikwama, halafu naishia kukuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Kwanza, kazi yako nilikuwa siielewi. Uliporudi kutoka Mbulu, baada ya kupiga video za harusi na vipaimara za watu, ukasema sasa unataka kutengeneza filamu zako mwenyewe, nikafurahi kidogo. Nilijua filamu ni nini. Kuna mchawi, kuna tajiri, kuna bastola, mtu anaanguka kwenye ngazi. Ukaniambia yako ni ya dada wawili wanaogawana nguo za marehemu mama yao. Nikakuuliza, sasa hapa nani anakufa? Ukasema mama ameshakufa kabla filamu haijaanza. Mchawi je? Hakuna. Basi watu wataangalia nini? Ukanijibu kwa upole wako ule unaoniudhi, "Wataangalia yule dada mkubwa anavyokikunja kitenge, Baba, halafu anakifungua, anakikunja tena." Nikamwambia mama yako, tumesomesha mtoto ili apige picha watu wakikunja nguo.

Ulipoionyesha kwenye ukumbi wa parokia nilikaa nyuma karibu na mlango, nikiwa na nia ya kutoka mapema nikakamue. Sikutoka. Yule dada alipokikunja kile kitenge kwa mara ya tatu niligundua kwamba nimeshika kofia yangu kwa mikono yote miwili. Niliporudi nyumbani mama yako akaniuliza ilikuwaje, nikamwambia umeme ulikuwa mdogo, sikuona vizuri. Nilikudhulumu hapo. Niliona vizuri sana, na nilitakiwa kukuambia siku ile ile, sio leo ukiwa unaondoka.

Halafu ukaja na ile ya pili, ya mume na mke. Yule bwana wa Mbulu aliyekuwa acheze mume akakutoroka, mke wake alimwambia watu wataamini ndivyo alivyo. Ukaniomba nicheze mimi, na mama yako acheze mke. Nilijifanya kusitasita, lakini ukweli nilifurahi mno kuombwa. Nilinyoa ndevu bila kukuuliza, ukanuna siku nzima kwa sababu asubuhi ulikuwa umeshanipiga picha nikiwa na ndevu.

Nilikuuliza hadithi yenyewe ikoje. Ukasema kuna mwanamume mpole, hapigi, halewi, lakini kila jambo analiamua peke yake kimya kimya, mke anakuja kujua likishapita. Siku moja mke anachukua begi anaondoka. Nikakuuliza habari hii umeitoa wapi. Ukasema, "Kwenye kila nyumba, Baba." Nikaridhika. Hata haikunipitia akilini kujiuliza kama kila nyumba ni pamoja na yangu.

Kitu kilichonishinda ni mpangilio wako. Mimi nimekuwa katibu wa kanisa muda mrefu, nimezoea kikao kinaanza na kufungua, kinaishia na kufunga. Wewe ulianza na mwisho. Ulisema mwanga wa Jumanne jioni unafaa kwa sini, yaani kile kipande cha kuomba msamaha, basi nikaomba msamaha Jumanne, kwa ugomvi ambao tungeupiga Jumamosi. Nikakuambia, mtoto, unatupatanisha kabla hatujagombana. Ukasema nisijali, utapanga wakati wa kuhariri.

Na msamaha wenyewe ulinitoa jasho. Maneno mafupi tu: "Nisamehe, mama Boay. Nilikosea." Ulituacha tuitane kama tunavyoitana kila siku, kwa jina la kaka yako. Nikisema, unasema tena. Nikisema, unasema, "Baba, unasema kama unatangaza matangazo ya Misa." Nikisema, unaniambia nimtazame. Nilikuwa namtazama. Yeye ndiye alikuwa hanitazami. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuinua kichwa hata mara moja mpaka mwanga ukaisha. Nilidhani wewe ndiye uliyemwelekeza hivyo. Baadaye uliniambia hukumwelekeza chochote.

Jumamosi ndiyo unayoijua. Mimi nitaisimulia tena, kwa sababu wewe uliiona kupitia kile kidirisha kidogo cha kamera na mimi niliiona kutoka ndani.

Ulificha kamera kwenye banda la mahindi ili utupate kwa mbali, na hukumwambia mtu, maana siku ya nyuma watoto wa kijiji kizima walikuja kusimama nyuma yangu wakachekea kwenye picha. Kwa hiyo mtu aliyepita barabarani hakuona kamera wala maiki. Alimwona mzee mzima, katibu wa kanisa, amesimama mlangoni anapiga kelele, na mke wake anatoka na begi. Jirani mmoja mwema akapiga simu. Hakumpigia mwenyekiti wa kitongoji wala paroko. Alimpigia Mama Tarmo, kwa sababu Mzee Tarmo na mkewe ndio waliotusimamia ndoa, na kwetu msimamizi hastaafu.

Tulikuwa tunarudia kwa mara sijui ya ngapi nilipoona pikipiki inaingia. Mzee Tarmo amevaa koti la Jumapili, Mama Tarmo nyuma yake amejifunga kitenge cha Wawata, wale akina mama wa kanisa. Nikasema shikamoo, nikacheka, nikasema karibuni, msiogope, hii ni filamu ya Paska. Mzee Tarmo akavua kofia, akaitikia marahaba, akasema, "Kila mwanamume anayemfukuza mke wake ana maelezo yake. Tuingie ndani."

Nikakuita utoke bandani. Ukatoka na kamera, na mwenzako Anjela akatoka na maiki yake, mkamwonyesha. Mzee Tarmo akaiangalia ile kamera, akaniangalia mimi. Nilikuwa najitahidi nisicheke. Nikafikiri, hii itakuwa hadithi nzuri ya kusimulia. Akamgeukia mama yako, akamuuliza, "Mama Boay, ni kweli haya ni maigizo?"

Paska, alichotakiwa kusema ni "ndiyo". Ni neno moja tu. Nilimngojea alitoe ili tucheke wote, tunywe chai, turudi kazini. Alisimama pale uani na begi mkononi, anaangalia chini, na kicheko changu kikaniishia mdomoni.

Mama Tarmo akaenda kumpokea begi ili waingie. Akaliinua, likamvuta mkono. Wewe ulikuwa umesema lijazwe magunia matupu, liwe jepesi, maana mama yako angeipita ile njia mara nyingi. Mama Tarmo akauliza, "Hili begi lina nini?" Akaliweka chini akalifungua. Nikaona viatu vyake vya Jumapili. Nikaona sweta lake, rozari yake, kadi yake ya kliniki, vitenge vyote vizuri, vimekunjwa kwa utaratibu wa mtu ambaye hakukurupuka. Alikuwa amefungasha tangu usiku. Alikuwa anangoja useme "kata" mara ya mwisho, ili aendelee kutembea mpaka barabarani.

Nilinywea. Sina neno lingine. Tuliingia ndani, nikakaa kwenye kigoda cha watoto kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Mzee Tarmo akakuambia, "Binti, zima hiyo kamera." Na hapo ndipo mama yako aliposema neno lake la kwanza. Alisema, "Asizime. Nikisema bila kamera, kesho huyu atasema sikusema." Ulinitazama mimi kuniuliza. Nikatikisa kichwa kukubali, maana ningefanya nini kingine?

Akasema. Hakupaza sauti. Alisema kwamba tulipohama Mbulu kuja hapa Mogitu, alijua tunahama alipoona lori limesimama uani. Alisema Boay alipopelekwa shule ya bweni, aliambiwa amfulie sare kabla hajaambiwa anakwenda wapi. Halafu akasema habari ya mtamba.

Habari hii wewe ulikuwa huijui, ndiyo maana nataka uisikie kwangu. Tulipooana, babu yako mzaa mama alimpa mama yako mtamba, wa kwake mwenyewe, mwekundu mwenye paji jeupe. Sisi wanaume wa huku hatuweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Unampeleka mmoja kwa rafiki, mwingine kwa rafiki mwingine mbali. Rafiki anakunywa maziwa, ndama wanabaki wako. Ugonjwa ukipita hapa, kule wamepona. Jua likiwaka kule, hapa wamepona. Na husemi wako wapi. Hayo nilifundishwa na baba yangu, na baba yangu alinionyesha wake akiwa hawezi tena kuinuka kitandani. Ni akili nzuri, siikatai hata leo. Ila mtamba wa mama yako nilimpeleka Masieda kama wangu. Mama yako alipouliza, nikasema, "Yupo." Akauliza tena mwaka mwingine, nikasema, "Yupo." Nilikuwa sidanganyi. Alikuwepo kweli.

Mama yako akamwambia Mzee Tarmo, "Baba, miaka yote hii nimelishwa 'yupo'. Nimechoka kuishi na mtu anayejua kila kitu peke yake."

Basi nikaona zamu yangu imefika. Nikasimama kutoka kwenye kile kigoda, nikamtazama machoni kama ulivyonifundisha, nikasema, "Nisamehe, mama Boay. Nilikosea." Na nilisema vizuri, Paska. Hayakuwa ya matangazo ya Misa. Yalitoka laini, yametulia, ungeweza kuyapitisha mara ya kwanza.

Mama yako akaniangalia muda mrefu, akasema, "Hiyo nimeshaisikia Jumanne. Lete nyingine."

Nikasikia Anjela amekohoa. Mama Tarmo alijifunika mdomo na kitenge. Mimi nilisimama pale sina kitu. Maneno niliyokuwa nayo ulikuwa umeniandikia wewe, na yalikuwa yameshatumika. Nilitafuta mengine sikuyapata. Nilichosikia mwishoni ni sauti yangu inasema, "Yuko Masieda. Kwa Gwandu, chini ya shule."

Nilihisi kama nimevuliwa shati mbele za watu. Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nikasema mtamba mwenyewe alishakufa kwa uzee, lakini aliacha majike wawili, na mmoja wao ana mtoto. Mama yako alikuwa bado amesimama. Akauliza, "Wana rangi gani?" Nikamwambia mmoja mwekundu kama mama yake, paji jeupe lile lile, mwingine wa kijivu. Akavuta kiti, akakaa. Akauliza huyo wa kijivu amemfuata nani. Nikamwambia dume la Gwandu lilikuwa la kijivu. Tukazungumza habari ya ng'ombe wale mpaka Mama Tarmo akainuka mwenyewe kwenda kupika chai jikoni kwetu, kama yuko kwake. Mzee Tarmo aliomba sala, akatuambia atarudi Jumamosi ijayo kuangalia, halafu akiwa mlangoni akakuuliza kama na yeye ataonekana kwenye hiyo filamu.

Usidhani yaliisha pale. Wewe ulikuwepo, unajua hayakuisha. Begi lilikaa pembeni ya kitanda, limefungwa, wiki baada ya wiki. Nilikuwa nalizunguka nikienda kulala. Sikuthubutu kuuliza. Barua yako ya Nairobi ilikuwa imeshafika, na wewe ulituambia wazi mezani kwamba huendi popote, hutatuacha hivi. Mama yako akasema utakwenda. Ukasema huendi. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja: kumpoteza mama yako, na kukufanya wewe ubaki hapa kama mlinzi wa ndoa ya watu wazima. Sikulala vizuri mwezi ule, na nilikonda, ingawa kila mtu alidhani ni vidonda vya tumbo.

Mwezi wa saba nikamwomba twende Masieda. Nilimwomba, sikumwarifu, hata mimi mwenyewe nilijishangaa. Tulipanda basi mpaka Mbulu, ukungu umefunga hatuoni mbele, tukachukua bodaboda mbili, yeye akatangulia. Kwa Gwandu alishika yule mwekundu mgongoni, akapitisha mkono mpaka mkiani. Kisha akaanza kumhoji mke wa Gwandu, sio sisi wanaume. Na mke wa Gwandu akamjibu yote, amezaa mara ngapi, aliugua lini, kwa furaha kabisa, akasema, "Tulikuwa tunajiuliza mwenye ng'ombe atakuja lini." Alijua. Miaka yote mwanamke yule alijua wale ni ng'ombe wa mama yako. Watoto wake walijua. Mama yako tu ndiye aliyekuwa hajui. Nilimwona jinsi lilivyomwingia, na kati ya yote niliyokosea, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Gwandu akauliza kama tunawachukua. Nilishajiandaa kusema ndiyo. Mama yako akasema wabaki, majani ya huku ni mazuri kuliko ya Mogitu, yeye atakuwa anakuja kuwaona. Na amekwenda tena mwezi wa nane, bila mimi, akarudi na habari ambazo sikuwa nazo.

Tuliporudi kutoka safari ile ya kwanza nilikwenda kuangalia zizi. Nilipoingia chumbani, begi lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari, tupu. Nilikaa kitandani nikalia, Paska, mtu mzima mimi. Mama yako alikuja akanikuta, akauliza kama naumwa, nikasema hapana, akasema basi njoo ule. Jumapili ile ndiyo uliyotuambia unakwenda Nairobi.

Sasa filamu yako. Ulipoionyesha mwezi wa kumi nilikaa mbele, na sikuja na visingizio vya kukamua. Mwanamke anatoka na begi, anatembea, anafika barabarani, anasimama. Mgongo wake tu tunauona. Mwisho. Mimi nikakasirika. Nilikufuata nje nikakuuliza, ile sini yangu ya msamaha umeipeleka wapi? Nilitoa jasho Jumanne nzima. Ukaniambia, "Baba, pale ulikuwa huombi msamaha. Ulikuwa unataka tumalize tukale." Nikakuuliza, na ile ya ndani, ya Mzee Tarmo, ambayo ilikuwa kweli? Ukasema kadi ya kamera yenye picha za mle ndani ulimpa mama yako siku ile ile, hukubakiza nakala. "Hiyo ni yenu," ulisema.

Mimi siwezi kukufundisha kazi yako. Huko kuna walimu. Lakini nilisimama pale nje ya ukumbi nikafikiri: huyu mtoto alishika mkononi kitu ambacho mtu mwingine angekipeleka sokoni, na akakirudisha kwa mwenyewe bila kuombwa. Tangu siku ile sijapata hofu na wewe kwenda. Nimepata hofu ya kukukosa, hiyo ni nyingine.

Lipo moja nitakuambia kwa sababu nalijua kwa mwili wangu. Utapata mtu huko, hilo sikuzuii na siulizi. Usimpime kwa kelele. Mimi sijawahi kumfokea mama yako hapa nyumbani. Kelele zote ulizonisikia nikizipiga ni zile ulizoniandikia wewe. Nilikuwa mume mpole, majirani walinisifu, na upole wangu ndio uliomfungashia mama yako begi. Na ujiangalie na wewe. Una hiyo tabia, umeitoa kwangu. Maombi ya Nairobi uliyapeleka kwanza, sisi tukaambiwa majibu yalipofika. Nilitaka kukugombeza, nikaona nitajigombeza mwenyewe.

Basi. Nimebakiza jambo moja, na ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika.

Kwa desturi yetu, siri ya ng'ombe anaambiwa mtoto wa kiume mkubwa, tena baba akiwa amelala kitandani hawezi kuinuka. Boay atakuja Krismasi, nitamwambia nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Lakini wewe unaondoka kesho, na sitaki ukae huko Nairobi ukijua kwamba baba yako anavyo vitu tu, huko mahali fulani. Soma taratibu.

Wale wa mama yako, majike wawili na mtoto, wako Masieda kwa Gwandu, na hao si wangu tena kuwasemea. Ukitaka habari zao muulize mwenyewe. Wa kwangu mmoja yuko hapa hapa Mogitu, kwa Mzee Tarmo. Ndiyo, yule wa madoa uliyempiga picha ukasema Mzee Tarmo ana ng'ombe mzuri. Wawili wako Mbulu, kwa binamu yangu fundi cherehani, kwenye boma la nyuma ya nyumba yake, wote majike, mmoja ana pembe iliyovunjika. Mama yako amekutengea mtamba mmoja kati ya ndama watakaozaliwa Masieda mwakani, ni wako. Kwa kawaida tungengoja uolewe. Tumekubaliana tusingoje, na nikisema tumekubaliana, ujue safari hii nilikuwepo na yeye alikuwepo.

Mama yako amemaliza pasi, amekuja kusimama nyuma yangu, anasoma juu ya bega langu. Nimemwacha asome. Amefika mwisho wa ukurasa, anasema nimesahau mmoja.

Sikumsahau. Nilikuwa bado namficha, mkono wenyewe umezoea. Haya: yuko Dongobesh, nyumba ya kwanza ukishapita uwanja wa mnada, kwa mzee mmoja anayefanya kazi ya kutengeneza baiskeli. Ni jike jeusi, ana mimba. Sasa ndio wote.

Baba yako